Sanduku la Shangazi: Nifanyeje nipate chumba ninachokitaka hosteli?

Haya wapendwa, shikamooni wakubwa, na vijana mambo vipi. Majina ya waliochaguliwa vyuoni yakishatoka basi meseji za hosteli zinaingia usiku na mchana, kwahiyo safari hii mambo ya ndoa na mawifi nimeyaweka pembeni, tunaongea vitanda tu. Kwa mgeni wa safu hii, kabla sijastaafu nilikuwa mlezi wa bweni la wasichana kwenye chuo kimoja hapa Mtwara, mimi ndiye nilikuwa nashika daftari la vyumba na funguo, hivyo mengi nitakayosema nimeyaona kwa macho yangu.

Shikamoo shangazi. Naandika kutoka Kitangari, Newala. Nimechaguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam namshukuru Mungu. Shida yangu ni hosteli. Nasikia fesi yia wengi wanapelekwa Mabibo, mimi natamani nikae Mlimani kwenyewe, ikiwezekana zile hosteli za Magufuli, na nipate kitanda cha chini maana cha juu nitaanguka. Mjomba wangu anasema ana mtu wake pale, nitume laki moja anishikie nafasi. Nifanyeje? — S., Kitangari

Marahaba mwanangu, hongera sana, mmetuheshimisha. Tuanze na hiyo laki. Usitume. Mjomba mwambie kwa heshima kwamba hela ya kitanda haiendi kwenye namba ya mtu, inalipwa kwa kontrol namba, zile tarakimu 12 ambazo mfumo unakutengenezea wewe kwa jina lako, ukilipa kwa simu au benki inaingia moja kwa moja na risiti unabaki nayo. Simsemi mjomba vibaya jamani, inawezekana na yeye kadanganywa anaona anakusaidia. Ila kila chuo kikifungua kuna mabinti wanashuka kwenye basi na begi na ndoo mkononi wanaambiwa jina halipo kwenye orodha, na huyo "mtu wa pale" simu yake haipatikani.

Sasa twende kwenye vitanda vinavyogawiwa. Vyuo vikubwa vyote vina wanafunzi wengi kuliko vitanda. Hata hizo za Magufuli unazozitamani, zilipofunguliwa 2017 zilikuja na nafasi 3,840 na watu tukasema tatizo limekwisha, wapi. Kwahiyo vyuo vingi vina mpangilio wa nani atangulie, wenye ulemavu na wagonjwa wenye vielelezo, mwaka wa kwanza ambao mji hawaujui, wanaomaliza, na sehemu nyingine wasichana wanatangulizwa. Wewe ni fesi yia na ni msichana, yaani hata kabla hujamjua mtu yeyote tayari uko mbele. Kinachowaangusha mabinti wa aina yako sio kukosa mtu wa kuwashika mkono, ni vitu vidogo vidogo ambavyo nitakutajia na usivione vya kijinga.

Cha kwanza imeili. Najua Kitangari mtaenda steshenari, kijana pale atawafungulia kila kitu haraka haraka, ataweka imeili yake na namba yake ya simu kwasababu wewe huna au umesahau paswedi, utalipa buku mbili utaondoka unafurahi. Ujumbe wa kwamba maombi ya hosteli yamefunguliwa unaenda kwake! Na yeye ana wateja mia, atakumbuka wewe ni nani? Fungua imeili yako mwenyewe, laini iliyosajiliwa kwa jina lako, paswedi andika kwenye daftari la nyumbani sio nyuma ya mkono. Kama umechaguliwa zaidi ya chuo kimoja thibitisha mapema kwa ile namba ya siri inayotumwa kwenye simu, maana kama hujathibitisha, chuo bado hakijui kama wewe ni wake, kitakupaje kitanda. Halafu kuanzia hapo ingia kwenye akaunti yako ya chuo kila siku, hata kwa bando la mia tano, siku dirisha la hosteli linafunguka wewe omba siku hiyohiyo, usisubiri wikiendi wala usisubiri kaka arudi na simu janja.

Cha pili ni hela, na hapa ndio penye msiba wetu sisi watu wa kusini ambao watu wa mikoa mingine hawaujui. Hela ya nyumbani kwetu ni korosho. Minada inaanza mwezi wa kumi huko, mzigo upelekwe chama cha msingi, uende ghalani, uuzwe, halafu ndio mzee aangalie akaunti yake kama kumeingia kitu. Chuo nacho kinafungua kipindi hichohicho, na hela ya kitanda inadaiwa hata kabla hujapanda basi. Unapangiwa chumba kizuri kabisa, kontrol namba unayo, inakaa mpaka inaisha muda wake na mfumo unampa mwingine, wakati korosho zenu ziko kwenye magunia sebuleni. Nimeona hii sijui mara ngapi, na mzazi analalamika mwanangu kaonewa, hajaonewa, hela imechelewa tu. Kwahiyo wazee wangu wa Newala na Tandahimba mnaosoma hapa, kama una mtoto kidato cha sita basi hela ya hosteli itoke kwenye ufuta wa mwezi wa sita au kwenye mbaazi, iwekwe pembeni isiguswe hata na harusi. Korosho zitakuja kufanya mengine.

Na bumu usilitegemee kwa hili. Hela ya chakula na malazi ya bodi ya mikopo, ile iliyopandishwa mwaka wa masomo 2022/23 kutoka 8,500 mpaka 10,000 kwa siku, inakuja baada ya kusajiliwa na kusaini, na kitanda kinadaiwa kabla. Ukija kulipata ndio urudishie ulipokopa.

Cha tatu kama una ugonjwa, useme. Sio ugonjwa wa kutunga, nasema wa kweli, pumu, selimundu, kifafa, mguu uliovunjika zamani ngazi zinakushinda. Kwenye ile fomu ya kujiunga kuna karatasi ya daktari, watu wanaipeleka hospitali agongewe tu muhuri "fit" waondoke. Kaa chini umwambie daktari, aandike kinachokusumbua na aandike unahitaji nini, mfano ghorofa ya chini, au kitanda cha chini, au chumba kisicho na vumbi. Barua inayosema "anaumwa kifua" hainisaidii mimi niliyeshika daftari, inayosema "ana pumu, asiwekwe karibu na jiko, apate kitanda cha chini" inanipa kazi ya kufanya. Itume mapema kwa ofisi ya mshauri wa wanafunzi na nakala ubaki nayo. Kuogopa tu kulala juu sio ugonjwa mwanangu, hapo dawa yake ni kuwahi.

Nikwambie ukweli kuhusu Mabibo. Iko nje ya kampasi, kwenda darasani unapanda gari, kipindi cha saa moja asubuhi unaamka na jogoo. Ila huko uko karibu na soko na chakula cha bei ya kawaida, na wapo waliokaa Mabibo mwaka wa kwanza wakawa hawataki kuhama. Kwahiyo kama mfumo unakupa kuchagua zaidi ya sehemu moja jaza nafasi zote, usiandike Magufuli, Magufuli, Magufuli ukidhani unakazia. Mtu aliyejaza moja tu, ikijaa hiyo, anaingizwa palipobaki.

Kitanda chenyewe sasa, kile cha chuma cha juu na chini, vyuo vingi mfumo unakupa chumba tu, nani alale wapi mnaelewana humohumo ndani. Anayefika kwanza ndiye anachagua. Usiondoke Newala siku moja kabla ya kuripoti. Mnakumbuka mwezi wa tano 2024 kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar ilikatika kule Somanga watu wakalala njiani, na mvua za vuli nazo zinaanza kipindi chenu hicho. Nenda siku tatu kabla, ukalale kwa ndugu Mbagala, siku funguo zinatolewa uwe pale asubuhi. Ukiingia usikimbilie kitanda kwa kuwa kiko chini, tazama kwanza chaga zote zipo, tazama soketi iko wapi maana chumba cha watu wanne chenye soketi moja inayofanya kazi ni ugomvi mpaka mwisho wa muhula, tazama wavu wa dirishani kama umetoboka. Kitanda kilicho karibu na soketi kinavutia sana ila jua kwamba simu za wote zitachajiwa juu ya mto wako.

Dada habari za kazi. Mimi ni mzazi niko Masasi. Kijana wangu yuko mwaka wa kwanza chuo kimoja hapo Mtwara mjini, amepangiwa chumba kinatazamana na vyoo, wako sita, anasema harufu hailaliki na wenzake wanawasha mziki hadi usiku wa manane. Anataka nimpe hela akapange geto Magomeni. Mimi hela hiyo sina. Je kuna njia ya kumbadilisha? — Baba J., Masasi

Nzuri kaka, pole. Njia ipo na wengi hawaijui, na sio ya kwenda kupiga kelele ofisini kwamba mimi mzazi nalipa. Ni hivi, siku ya kwanza daftari linaonekana limejaa kabisa, lakini hao wote hawaji. Kuna ambao wamehamia chuo kingine, kuna ambao mkopo haukutoka wakaahirisha mwaka, kuna ambao wamepata kukaa kwa shangazi Shangani. Vitanda vyao vinaendelea kuhesabika vimejaa mpaka usajili unapofungwa. Wiki ya pili ya tatu hivi ndio mlezi wa hosteli anapita chumba kwa chumba anaanza kugundua wasiokuja. Kijana anayepata kitanda hicho ni yule ambaye barua yake tayari iko mezani, imeandikwa namba ya chumba alichopo, sababu kwa sentensi mbili tatu za heshima, na vyumba anavyoomba, viwe viwili vitatu, sio kimoja. Aipeleke sasa hivi wakati bado wanasema hakuna nafasi. Halafu awe anapita kila baada ya siku chache kusalimia, asalimie tu, "shikamoo mama, ile barua yangu bado ipo?" Nilikuwa nawakumbuka hao. Wale waliokuja mara moja wakagombana nilikuwa nawakumbuka pia, ila kwa namna nyingine.

Njia ya pili ni kubadilishana. Kuna mtu yuko chumba kizuri lakini rafiki zake wote wako blok ya kijana wako, anatamani kuhamia huko hata kama ni karibu na choo. Wakikubaliana waende wote wawili kwa mlezi wakaandikishe. Wasibadilishane kienyeji, maana ikipotea godoro au ikivunjika kioo anadaiwa yule ambaye jina lake liko kwenye daftari la chumba hicho.

Habari ya mziki hiyo sio ya chumba kaka. Akihama na huko atakuta mziki. Wakae sita wao wapange saa ya kuzima taa na saa ya sauti, wakishindwa ndio wamwite mlezi. Na geto nakushauri usikimbilie, mwenye nyumba atataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, dalali naye atataka yake, bado godoro, bado umeme wa kununua, bado bodaboda ya kurudi usiku kutoka kujisomea. Wa mwaka wa pili na wa tatu wakipanga wawili watatu naelewa, mtoto mgeni wa mji ngoja kwanza.

Asalaam aleikum shangazi. Mdogo wangu wa kike wa hapa Lindi mjini, Mtanda, kapata skolashipu kwenda kusoma Marekani. Wametuma fomu ndefu ya hosteli inauliza analala saa ngapi, ni msafi kiasi gani, anapenda wageni au la. Tunaogopa akipangwa na watu wasiofaa, na sisi mambo ya kuchanganyika hatutaki. Ajazeje? — Dada mtu, Lindi

Waleikum salaam mpenzi, mabruki kwa familia. Ajaze ukweli. Hiyo fomu ndio wanaitumia kumtafutia mtu wa kulala naye chumba kimoja, kwahiyo akiandika anakesha kumbe saa tatu usiku yuko chali, atapewa mkeshaji na atajilaumu mwenyewe. Analala mapema aandike, anaamka alfajiri kuswali aandike, hapendi wageni wa kiume chumbani aandike wazi bila aibu, kule hilo linaheshimika ukilisema mapema.

Hilo la kuchanganyika, vyuo vingi vya huko wavulana na wasichana wanaweza kuwa jengo moja, na mara nyingine hata korido moja, vyumba tofauti. Lakini vingi pia vina ghorofa au jengo la wasichana peke yao, ila hupewi usipoomba. Aombe kwenye fomu, na atume imeili ofisi ya malazi aeleze kuhusu bafu, mana'ke huko bafu la pamoja ndio swali kubwa kuliko chumba. Na aulize chakula cha halali hapohapo, sehemu nyingi ukikaa hosteli unalazimika kulipia chakula cha chuo.

Kama kuna Mtanzania mwenzie wanataka kukaa pamoja, lazima wote wawili waandikane, yeye amtaje mwenzie na mwenzie amtaje yeye, akitaja mmoja peke yake haihesabiwi. Fomu irudi mapema kabla ya siku ya mwisho na ile amana ilipwe, kama skolashipu ndio inalipa basi awaandikie wathibitishe kwa chuo, asikae kimya akidhani wanaongea wenyewe.

Kuna kitu watu wa huku hatukifikirii kabisa: likizo. Hosteli nyingine za kule zinafungwa mwezi wa kumi na mbili na kila mtu anaondoka kwao. Yeye Lindi atafikaje kwa wiki tatu na nauli hiyo? Aombe jengo ambalo halifungwi likizo, au aulize wanafunzi wa nje wanakaa wapi kipindi hicho. Hili mimi ningeliweka mbele ya mambo ya dirisha na ghorofa.

Mwaka wa pili kwenye vyuo vingi vya kule ni bahati nasibu, unapewa namba, mwenye namba ndogo anachagua kwanza, na waliotangulia mwaka wanatangulia kwenye foleni. Namba huwezi kuibadilisha, unachoweza ni kulenga jengo ambalo wengi hawalitaki kwasababu ni la zamani au liko mbali kidogo, mara nyingi vyumba vyake ni vikubwa na unapata kiulaini.

Mambo shangazi. Mimi nimekosa hosteli Dodoma, rafiki yangu wa tangu Nachingwea kapata. Ananiambia anibebe, tulale kitanda kimoja, hela tugawane. Kuna shida? — M.

Shida ipo mwanangu. Kubebana kumezoeleka kila chuo na kila mtu anajifanya hajui, mpaka siku ya ukaguzi, hapo wewe unatolewa nje na mwenzio mwenye kitanda ndiye anaweza kunyang'anywa chumba, yaani aliyekusaidia anaumia kuliko wewe. Na wale wenzake wengine chumbani wamelipa hela yao kamili, hawakukualika, maji ya ndoo ni yaleyale, mmojawapo atasema tu. Siku mbili tatu za kwanza wakati unatafuta pa kukaa, kwa ruhusa ya wenye chumba, sawa. Muhula mzima hapana.

Fanya nilichomwambia baba wa Masasi hapo juu, barua ya kuomba nafasi ya asiyeripoti, leo, sio kesho. Dodoma ukumbuke chuo ni kikubwa na ndaki, yaani vile vyuo vidogo vilivyomo ndani yake, ziko mbalimbali, uliza nafasi kwenye hosteli za ndaki yako kwanza, halafu za jirani. Nenda pia kwa serikali ya wanafunzi, yuko waziri au kiongozi wa malazi, hao ndio wanajua kitanda gani kiko wazi kabla hata ofisi haijajua. Hiyo hela mliyotaka kugawana itunze, usije ukaitiwa kitanda huna ya kulipia.

Shangazi samahani swali dogo, rumumeti wangu anakoroma vibaya mno, naweza kuhamishwa kwa hilo? — Asiyelala, Mikindani

Pole mpenzi. Kwa hilo peke yake wodeni atacheka. Ila mkibadilishana na mtu mwenye usingizi mzito hakuna atakayekataa, tangaza kwenye grupu la wasapu la hosteli kwamba una kitanda cha chini karibu na dirisha unabadilisha, usiseme kwanini. Nakutania, sema. Na wewe rumumeti kama unasoma hapa, lalia ubavu.